Kanuni ya "a" na "the" Inayofundishwa Kinyume

Katika mambo yote yanayowasumbua watu wetu wajifunzapo Kiingereza, hapana lililo dogo kama kijineno "a", wala hapana liletalo taabu nyingi kuliko hilo. Mtu aweza kusoma miaka minane au kumi, akajua maneno mengi, akaandika barua ndefu isiyo na kosa la herufi, na bado barua yake ikarudi ina wino mwekundu kila mstari: hapa kijineno kimetiwa pasipo mahali pake, pale kimesahauliwa. Alaumiwaye daima ni mwanafunzi; husemwa kwamba hana bidii, au hasikii. Sisi twaona kwamba lawama hiyo haina budi kugawanywa, na fungu kubwa liiangukie kanuni yenyewe, jinsi ifundishwavyo.

Wala mtu asidhani ya kuwa haya ni mashindano ya walimu juu ya herufi moja. Tuseme mwaka mmoja mvua zimekosa, na mwandishi wa kijiji amepewa kazi ya kuandika kwa Kiingereza kuomba msaada. Ataka kusema, "Chakula chetu ni haba." Akiandika "We have little food", amelisema neno lake sawasawa. Lakini akiogopa wino mwekundu, akatia kijineno kwa tahadhari na kuandika "We have a little food", asomaye atafahamu, "Tunacho chakula kidogo, si kwamba hatuna". Naye pengine ataiweka barua hiyo kando na kushika ya kijiji kingine. Herufi moja imepunguza kilio kikawa karibu na shukrani. Kwa hiyo yafaa tuichunguze kanuni hii kwa makini, tuone wema wake na kasoro zake.

Kanuni yenyewe huandikwa ubaoni kwa vifungu vitatu. Kwanza: majina ya vitu katika Kiingereza ni ya namna mbili, yanayohesabika na yasiyohesabika, na jina linalohesabika, likiwa katika umoja, litangulizwe na "a", au na "an" ikiwa sauti inayofuata ni ya vokali. Pili: jina lisilohesabika lisitangulizwe na kitu. Tatu: kitu kilichokwisha kujulikana kitangulizwe na "the". Kisha mwanafunzi hupewa orodha mbili za kukariri: upande huu "book", "goat", "house", upande wa pili "water", "flour", "advice". Akishazikariri huhesabiwa kuwa amefundishwa.

Hatusemi kwamba kanuni hii ni ya uongo. Mgawanyo wa majina uliomo ndani yake ni wa kweli, nao umechunguzwa na watu wenye elimu kubwa. Otto Jespersen wa Denmark (1860–1943), aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa sarufi ya Kiingereza, katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924 alieleza habari za majina ya vitu visivyo na umbo wala mpaka, kama maji na siagi, na hata vitu visivyoshikika kwa mkono, kama muziki. Kisha mwaka 1942 ilichapishwa huko Tokyo kamusi ya A. S. Hornby, E. V. Gatenby na H. Wakefield, Waingereza waliokuwa wakifundisha Japani. Nayo iliwatilia wanafunzi alama za kuonyesha jina lipi lahesabika na lipi halihesabiki. Kijapani, kama Kiswahili, hakina vijineno hivi. Basi walimu wale waliijua taabu ya wanafunzi wao. Kazi yao ilikuwa njema, na kamusi za wanafunzi wa Kiingereza hata leo hufuata nyayo zao. Tunacholaumu sisi si mgawanyo, bali ni namna ulivyogeuzwa kuwa kanuni ya ubaoni.

Kosa la kwanza ni lile jina, "yasiyohesabika". Mwanafunzi alisikiapo hukitazama kitu, halitazami neno. Huambiwa kwamba "money" halihesabiki. Naye amemwona mwenye duka akihesabu fedha asubuhi na jioni. Huambiwa kwamba "furniture" halihesabiki. Naye aona mbele yake viti vinne na meza moja na kabati moja, jumla sita. Hapo huchagua moja katika mawili: ama aiamini akili yake na kuandika "furnitures", ama aache kufikiri na kukariri tu. Yote mawili ni hasara.

Kweli ni hii: kinachokataa hesabu si kitu, ni neno. Itazameni sahani ya wali na maharagwe. Mwenye subira aweza kuhesabu punje za mchele kama awezavyo kuhesabu maharagwe; walakini Mwingereza husema "rice" pasipo wingi, na "beans" kwa wingi. Si mchele ulioamua hivyo, ni desturi ya lugha. Na sisi je? Twasema "mchele umekwisha", kwa umoja. Na "maharagwe yamekwisha", kwa wingi. Kumbe lugha mbili zisizo na udugu zimekwenda pamoja hapa! Lakini tufikapo kwenye mahindi zaachana: sisi twasema "mahindi yamekwisha", nao husema "maize", neno lisilo na wingi. Maji kwetu hufuatwa na viungo vya wingi, "maji haya". Kwao "water" ni umoja. Mkate kwetu una mikate. Kwao "bread" sharti lipewe kipimo, "a loaf of bread". Shauri kwetu lina mashauri. Kwao "advice" sharti likatwe kipande, "a piece of advice". Habari kwao ni "news", neno lenye alama ya wingi mwishoni, na bado hutendewa kama umoja.

Basi mwanafunzi aandikaye "an advice" si lazima awe mvivu. Ameifuata kwa uaminifu lugha aijuayo. Akionyeshwa ni wapi lugha hizi mbili huenda pamoja na ni wapi huachana, atajua mahali pa kujihadhari. Akiambiwa tu kwamba mashauri hayahesabiki, hali mzee wake amempa mashauri matatu jana, atajifunza jambo moja tu, nalo ni kutomwamini mwalimu.

Kosa la pili ni zile orodha. Neno la Kiingereza halikai upande mmoja kama mbuzi aliyefungwa kamba. "Iron" ni chuma, lakini "an iron" ni pasi ya kunyoshea nguo. "Glass" ni kioo, lakini "a glass" ni bilauri. "Paper" ni karatasi, lakini "a paper" yaweza kuwa gazeti. Anayesema amenunua "chicken" amenunua nyama; anayesema amenunua "a chicken" huenda amemleta nyumbani akiwa hai na manyoya yake. Mwenyeji akimwandikia mgeni, "There is room in the house", mgeni na ajue kwamba nafasi ya kulala ipo, pengine ukumbini pamoja na watoto. Akiandika, "There is a room in the house", ametaja chumba. Hata "coffee", ambalo hukaa katika kila orodha ya yasiyohesabika, mkahawani husemwa "a coffee", maana yake kikombe kimoja.

Wala jambo hili si geni kwetu. Sisi nasi twasema "chuma" kwa madini yenyewe, kisha twasema "vyuma vitatu" kwa vipande vyake. Twasema "mti" kwa ule uliosimama shambani, kisha twasema "kiti cha mti" kwa kitu kilichotengenezwa kwao. Kamusi njema hutia alama kwa kila maana ya neno. Orodha ya ubaoni huacha maana na kubakiza neno tupu. Na neno tupu haliwezi kumwambia mtu kama lahesabika au sivyo.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko hayo mawili, nalo ni mpango wa vifungu. Kanuni huanza na kuhesabu na kuishia na kujulikana. Mwanafunzi akutanapo na "water", kifungu cha pili humwambia, "Usitie kitu". Naye hukoma hapo, asifike cha tatu. Ndipo aandikapo "Water in our well is bitter", akitaka kusema kwamba maji ya kisima chetu ni machungu. Ilimpasa kuandika "The water", kwa maana maji hayo yajulikana ni yapi: ni ya kisima hiki, si maji yote ya ulimwengu. Akirudishiwa daftari lake, atauliza kwa haki, "Je, mwalimu, hukutuambia kwamba jina hili halitangulizwi na kitu?"

Kuhesabika hakuna neno na "the" hata kidogo. "The goat", "the goats", "the salt": umoja, wingi, na lisilohesabika, yote huchukua "the" pasipo ubaguzi, mradi asikiaye ajue ni kipi kinachotajwa. Ni "a" peke yake ichaguayo. Mambo mawili yasiyo na udugu yamefungwa katika mzigo mmoja, kisha mwanafunzi alaumiwa kwa kuwa mzigo wamwelemea.

Sababu yake yaonekana mara tutazamapo vijineno hivi vimetoka wapi. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa zaidi ya miaka elfu iliyopita, "an" lilikuwa neno zima, na maana yake ni moja. Kwa kutumiwa sana likapungua nguvu, na mbele ya konsonanti likapoteza n yake. (Hapa nako watu hufundishwa kinyume, kana kwamba n huongezwa, kumbe "an" ndiye mkubwa, na "a" ni yeye aliyechakaa.) Na "the" limetoka katika jamaa ya maneno ya kuonyesha, ni ndugu yake "that", yaani yule, kile, ile. Basi vijineno hivi vinavyotutisha ni "mmoja" na "yule" waliokonda kwa kazi nyingi.

Sasa na tukumbuke jinsi wazee wetu wasimuliavyo hadithi. Mara ya kwanza husema, "Palikuwa na mtu mmoja". Kwa maana wasikiaji hawajamjua. Mara ya pili husema, "Basi mtu yule". Kwa maana wamekwisha kumjua. Hapana mtoto aliyefundishwa jambo hilo kwa ubao, wala hapana alikoseaye. Hiyo ndiyo "a man", na hiyo ndiyo "the man". Tofauti ni kwamba sisi hulitia neno la namna hiyo tunapolihitaji, na Mwingereza hana ruhusa ya kuliacha.

Hapo pia lipo jibu la "water" na "flour". Kijineno "a" bado chakumbuka kwamba kilikuwa "moja". Ni nani asemaye "unga mmoja" akitaka kupika? Husemwa kibaba kimoja cha unga, pishi moja ya mchele, gunia moja la chumvi, tone moja la maji. Mwingereza hufanya vivyo hivyo: "a bag of salt", "a drop of water". Lakini "unga ule" na "chumvi ile" twasema pasipo shida. Kwa hiyo naye asema "the flour" na "the salt". Mwanafunzi akishaliona hili hahitaji kuamriwa kwamba "a" isitiwe mbele ya unga. Atalikataa mwenyewe, kama akataavyo kusema "unga mmoja".

Kwa hiyo shauri letu ni kuigeuza kanuni, ya mwisho iwe ya kwanza. Swali la kwanza liwe hili: Je, asikiaye ajua ni kipi? Naweza kusema yule, kile, ile? Kama ndivyo, tia "the", wala usihesabu. Kama sivyo, ndipo liulizwe swali la pili: Je, neno hili, katika maana hii, lakubali moja, nami nataja kimoja tu? Kama ndivyo, tia "a" au "an". Kama ni vingi, au kama neno halikubali moja, usitie kimojawapo katika hivi viwili. Pengine "some" litafaa.

Tujaribu kwa maneno machache. "Mwanamke alinunua samaki na chumvi. Samaki alikuwa mzuri, lakini chumvi ilikuwa na mchanga." Mwanamke hatujamjua, naye ni mmoja: "A woman". Samaki hatujamjua, na neno "alikuwa" la mbele latuonyesha kwamba ni mmoja: "a fish". Chumvi hatujaijua, nayo haikubali moja: "salt", au "some salt". Katika sentensi ya pili vyote viwili vimekwisha kujulikana: "The fish was good, but the salt had sand in it." Mchanga ndio mgeni wa mwisho, haujulikani wala haukubali moja, basi "sand" husimama peke yake. Iangalieni chumvi: mara ya kwanza haina kitu, mara ya pili ina "the". Aliyefundishwa orodha peke yake hawezi kuieleza safari hiyo. Aliyeulizwa maswali mawili aieleza pasipo jasho.

Haki yataka tuonyeshe na mahali ambapo maswali haya hayafiki. Waingereza husema "a knowledge of Swahili", ingawa hawasemi "knowledges". Mto hupewa "the", kama "the Rufiji" na "the Nile", lakini ziwa likitajwa kwa jina lake halipewi, "Lake Victoria", wala mlima wa Kilimanjaro haupewi. Tena kuna majina ya mahali yanayogeuza maana kwa kijineno. Kwenda "to church" ni kwenda kusali. Kwenda "to the church" ni kwenda kwenye jengo lile, labda kulitengeneza paa. Mtu akiwa "in prison" ni mfungwa. Akiwa "in the prison" aweza kuwa mgeni aliyekwenda kuwaona wafungwa. Haya si madogo kwa heshima ya mtu. Wala wenye lugha wenyewe hawapatani katika yote: mgonjwa wa Uingereza huwa "in hospital", na wa Marekani huwa "in the hospital". Mambo ya namna hii hayashikwi kwa kanuni, hushikwa kwa kusoma sana na kusikiliza sana. Mwalimu na aseme hivyo waziwazi, asibuni sababu isiyokuwapo.

Limebaki neno moja kwa wale wasemao kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa kuwa hakina "a" wala "the". Injili ziliandikwa kwa Kiyunani, chenye neno la kazi ya "the" na kisicho na la kazi ya "a". Zikafasiriwa kwa Kilatini, kisicho na yote mawili. Nacho kwa karne nyingi kilikuwa lugha ya wenye elimu katika Ulaya ya magharibi. Kirusi hakina, wala Kichina hakina. Kiarabu kina "al", nasi tumelichukua pamoja na maneno yake, kama katika "Alhamisi" na "alfajiri". Lakini kwetu limelala tu ndani ya neno, hatukulipa kazi. Hatukulihitaji. Tuna "mmoja", tuna "yule", na tena tuna njia nyingine iliyo fupi: asemaye "Nimeona kitabu" na asemaye "Nimekiona kitabu" hawasemi neno moja. Huyu wa pili, mara nyingi, ataja kitabu ambacho mwenzake akijua. Silabi moja ndani ya kitenzi imeifanya kazi ya "the".

Basi mwanafunzi wetu haingii katika somo hili mikono mitupu. Aijua tangu utoto tofauti ya kitu kigeni na kitu kinachojulikana, na tofauti ya kinachokubali moja na kinachotaka kipimo. Hajui tu jinsi Mwingereza azivikavyo tofauti hizo. Kanuni ya ubaoni, kwa kuanza na orodha, humnyang'anya alichonacho na kumfanya mtoto mchanga tena.

Tungependa walimu wasomao haya wajaribu jambo moja kabla ya kufungua kitabu cha sarufi. Wawaambie wanafunzi waandike kwa Kiswahili hadithi fupi ya nyumbani kwao, kisha wapige mstari chini ya kila "mmoja" na kila "yule", na chini ya kila kipimo, kama kibaba, gunia au kipande. Mistari hiyo ndiyo somo lenyewe, limekwisha kuandikwa kwa mkono wao. Baada ya hayo Kiingereza na kiletwe, na wino mwekundu ungoje kidogo.